Kikombe Kilichozama Mapema

Jumapili, 8 Novemba 1936

Sijapata kumwambia mtu yeyote kwamba napenda kishindo. Naanza na hilo kwa kuwa daftari hili halina masikio. Mimi Kuruthumu binti Sadalla, ambaye mwalimu hunigonga vidole kwa rula na kuniambia, "Paza sauti, hapa si makaburini". Mimi ambaye wageni wakija najificha nyuma ya mtungi. Napenda mlio unaotikisa mabati na kuwarusha watu wazima. Ukilia, kwa nukta moja naona kama aliyesema ni mimi.

Baba ni dalali wa samaki Kivukoni, na sauti yake huvuka maji. Kaka yangu Seifu ni kuli gatini, naye ana mikono. Mimi nina vitabu vinne na hili daftari.

Leo nilikwenda kwa Fundi Onesphory. Ni mtu wa bara, upande wa Songea, Mkristo, fundi wa bati. Amepanga kwa Bibi Sitara, nyumba ya tatu kutoka kwetu: chumba cha mbele, baraza, na uchochoro wa nyuma. Jumapili akitoka misa hafanyi kazi ya kuuza. Hukaa barazani, na mtaa mzima humwendea na makopo yake, ya biskuti, ya maziwa, hata madebe ya mafuta ya taa. Kina mama huja na sufuria zinazovuja na kujifunza kuziziba wenyewe. Watoto hutengeneza koroboi, magari, filimbi. Kandili yetu ya sebuleni aliitengeneza yeye, nami nilimshikia kioo.

Kwa kuwa Ramadhani inakaribia, leo ilikuwa mizinga. Makopo mawili yaliyolehemiwa, na ndani yake kipande cha lile jiwe la taa za baiskeli, ambalo likilowa hutoa hewa inayonuka.

"Kinacholia si jiwe," Fundi alisema. "Ni hewa iliyofungiwa. Ukiiachia mlango, inapiga kelele. Ukiinyima mlango, inaua."

"Kama mke wa pili," alisema Mwinyimvua, mtoto wa jirani, ana miaka kumi na miwili.

Bibi Sitara alikuwa akisuka ukili wake kwenye kigoda. "We Mwinyimvua, mke wa pili umemjulia wapi nawe kamasi zakutoka?"

Tulicheka hadi Seifu alipofika na vijana wenzake. Alitaka mzinga mkubwa, utiwe misumari, kwa ajili ya watoto wa mtaa wa pili ambao mwaka jana walitushinda kwa mawe.

"Mimi natengeneza kelele," Fundi alisema bila kuinua macho. "Majeraha sitengenezi."

Alilisema mbele ya wenzake. Seifu alitema mate karibu na mguu wa Fundi. "Mkristo wa makopo."

Usiku Baba aliniambia, "Kwenda nenda. Lakini ukae barazani na kina mama. Nikisikia umeingia uchochoroni na wavulana, skuli basi."

Jumamosi, 14 Novemba

Mwezi umeandama. Mwinyimvua alilipua mizinga mitatu uchochoroni. Nilisimama barazani nikafumba macho ili nisikie vizuri.

Jumatatu, 16 Novemba

Mvua. Skuli nilichapwa kwa kutosikika.

Jumatano, 18 Novemba

Mpango wetu wa futari ni huu. Msikiti uko mbali kidogo na Maalim Suud amezeeka. Adhana yake haifiki kwetu mvua inapopiga mabati. Kwa hiyo mtu hupanda juu ya ukuta wa msikiti na kupunga kitambaa cheupe, Mwinyimvua akikiona analipua, na mtaa mzima unafungua. Leo mvua ilikuwa kama pazia. Kitambaa hakikuonekana. Mtaa wa pili walilipua mwanzo, kisha wakaja kwenye kona wakituzomea kwamba sisi tunangoja tufe.

Seifu aliwafuata na mkanda wake wa kazi, wenye chuma. Nilimwona mtoto mmoja akienda zake ameshika mdomo, damu ikipita kati ya vidole. Mama alisema, "Ramadhani hii, Seifu." Seifu akasema, "Walianza wao," akaomba aongezewe uji.

Jumapili, 22 Novemba

Siku nzuri kuliko zote. Fundi alisikia habari ya Jumatano, akasema tutatengeneza saa isiyohitaji jua.

Juzi alikata kikombe cha bati jembamba, nami nikatoboa kitako kwa sindano. Kikombe kinaelea katika sufuria ya maji. Maji yanaingia polepole kwa lile tundu, na kikijaa kinazama kwa mlio mdogo, gluk. Unakitoa, unakimwaga, unakielesha tena, unaweka kokoto moja pembeni. Tulipima jana na leo, siku mbili za jua, mimi, Mwinyimvua na Bibi Sitara: kutoka adhana ya alasiri hadi kuchwa kwa jua kikombe kinazama mara sita.

"Kipimo hakina rafiki," Fundi aliniambia. "Kukitikisa ni kukidanganya. Maji yake yawe yale yale. Na kikae ndani ya baraza, chini ya paa. Umesikia, mwanangu?"

Nilisikia.

Mimi ndiye mhesabu. Nakaa barazani karibu na Bibi Sitara, na kokoto ya sita ikianguka nampungia Mwinyimvua kanga kupitia mlango wa pembeni. Baba amekubali kwa kuwa niko na Bibi.

Jumatatu, 23 Novemba

Mvua kubwa. Kikombe kilizama mara sita, mzinga ukalia, na mvua ilipopungua tukasikia Maalim anamalizia adhana. Hata Baba alitikisa kichwa. "Kopo tu," alisema, "kopo tu."

Jumanne, 24 Novemba

Tena sawa.

Jumatano, 25 Novemba

Sawa. Watu sasa hawatazami msikitini. Wanatazama kwetu, tende mkononi.

Alhamisi, 26 Novemba

Vita. Mtaa wa pili walikuja mchana, zaidi ya ishirini, na kombeo na mawe ya reli. Wetu walitoka na fito. Niliona kutoka dirishani. Niliona Seifu amemkalia mvulana kifuani, anampiga usoni kwa ngumi zile zile zinazobeba magunia, taratibu, kama mtu anayelipwa kwa saa. Sikuwahi kumwona Seifu akiwa na furaha kiasi kile. Jiwe lilimpiga Mwinyimvua juu ya jicho na ngozi ikafunguka. Fundi ndiye aliyemwinua na kumbeba hadi kwao, shati lake lote jekundu.

Aliporudi alipita mbele ya Seifu. "Mtoto kama huyu ndiye uliyetaka nimtilie misumari," alisema.

Seifu alijibu kwa sauti ya chini. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Wewe mwezi huu hautakuishia salama."

Jumamosi, 28 Novemba

Nitaandika kama ilivyotokea.

Mwinyimvua bado amelala na homa. Wavulana wengine walikuwa wanalinda kona. Nikajiambia, nani atalipua? Ningeweza kumwambia Fundi. Alikuwa chumbani mwake mbele, analehemu karai la mteja, nami nilisikia nyundo yake ya mti. Sikumwambia. Ukweli ni kwamba nilitaka kulipua mimi. Tangu utoto nilitaka.

Mtu mmoja hawezi kuhesabu barazani na kulipua uchochoroni. Adhana ya alasiri ilipokwisha nilimwambia Bibi Sitara naenda kwetu mara moja, nikazunguka nyuma na sufuria, kikombe na kitabu changu. Nikaviweka chini ya upenu, karibu na mzinga. Jua lilikuwa likiwaka wakati huo.

Baada ya kokoto ya pili mvua ilianza. Nilijibana ukutani nikaendelea kusoma. Kokoto ya tatu, ya nne. Ya tano ilikuja haraka, nikajiambia labda leo njaa haijanisumbua. Sikutazama juu. Ningetazama ningeona mchirizi wa bati unavyodondoka, tone kwa tone, ndani ya kikombe.

Gluk. Ya sita.

Nikatia jiwe, nikatia maji, nikasogeza utambi. Kishindo kilinipiga kifuani kikanisukuma. Mabati yote ya mtaa yaliitika. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, mvuani.

Nilisikia mtaa unafungua: vikombe, bismillahi, mtoto anaitwa. Nilikula tende yangu moja. Kisha mvua ikakatika ghafla, kama mvua ya vuli inavyofanya, mawingu yakapasuka upande wa Msimbazi, na jua likatokea. Halikuwa wekundu wake wala ukingo wake. Lilikuwa zima, juu ya mapaa, limekaa kama mgeni ambaye hajafikiria kuondoka.

Nilisogea hadi pembe ya nyumba. Watu walikuwa wametoka milangoni, bakuli mikononi, wanalitazama jua. Mzee mmoja alitema mbegu ya tende katika kiganja, akaitazama. Mwanamke akaanza kulia.

Ndipo sauti ikatoka: "Ametufungulisha yule kafiri."

Sikujua ni nani aliyesema. Sauti ya pili niliijua. Seifu alisema, "Makusudi. Nilikwambieni."

Walikwenda kwa pamoja. Sikuona mtu anayeamua. Mlango wa Fundi ulikuwa wazi na chumba kina giza, wakaingia wanne, watano, nikasikia makarai yanaanguka. Kisha mtu akaita, "Taa, leteni taa, haonekani." Na Baba akaja na kandili. Baba yangu, mwenye sauti inayoweza kunyamazisha soko zima, hakusema neno. Aliinua kandili ili waone vizuri pa kupiga.

Walimburuta hadi barazani. Bibi Sitara alikuwa amesimama, anapiga kelele: "Alikuwa humu ndani! Alikuwa humu, nasikia nyundo yake!" Mtu akamsukuma, akaketi kwenye ukili wake. Fundi hakupigana. Alijikunja na kufunika kichwa, nao wakampiga mateke ya mgongo na ya mbavu, na kila teke lilitoa mlio wa gunia. Watu ninaowajua. Muuza kahawa. Baba yake Mwinyimvua, ambaye juzi alipokea mtoto wake kutoka mikono hiyo.

Seifu aliiokota nyundo ya mti. Alimshika Fundi mkono wa kulia, akaulaza juu ya kile kipande cha reli anachofulia bati. Alipiga mara tatu. Mimi ni mhesabu, siwezi kutohesabu.

Fundi aliinua uso. Nilikuwa kwenye pembe ya nyumba, kokoto sita mkononi, nguo zimelowa. Aliniona. Aliona sufuria nyuma yangu chini ya upenu. Nikaona ameelewa yote.

"Mzinga ni wangu," alisema. "Tosha. Ni wangu."

Wakampiga tena kwa hilo.

Maalim Suud alifika anakokota fimbo baada ya adhana kulia kweli. Aliwatazama, akamtazama mtu aliyelala, akasema, "Aliyekula akidhani jua limekuchwa hana dhambi. Analipa siku moja. Siku moja tu, enyi watu." Kisha akauliza, "Na hili mtalilipa kwa kitu gani?"

Walirudi kula, kwa kuwa sasa ilikuwa halali.

Jumapili, 29 Novemba

Hakuna aliyepeleka kopo.

Jumatatu, 30 Novemba

Sikusema.

Jumanne, 1 Desemba

Seifu anasimulia gatini. Amerudi na mkungu wa ndizi aliopewa na wenzake. Baba alikula mbili. Sikuweza kula katika sinia moja na ile mikono, nikasema naumwa tumbo. Kandili inaning'inia pale pale juu yetu. Nilipokuwa mdogo nilidhani Baba hupaza sauti kwa kuwa ni jasiri. Kumbe hupaza kwa samaki tu.

Alhamisi, 3 Desemba

Mvua. Sikusema.

Ijumaa, 4 Desemba

Nilikwenda na uji, mchana, Bibi Sitara akiwa mlangoni. Wazee wa mtaa wamemwambia Bibi amtoe mpangaji wake kabla ya Idi. Fundi alikuwa amekaa kitandani. Mkono wake umefungwa kwa vibao na vidole vimevimba kama viazi. Jicho moja halijafunguka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Alitazama ukuta.

"Nitawaambia ni mimi. Wewe umenificha kwa wema, lakini..."

"Wema?" Aligeuka. Sikuwahi kumwona na hasira. "Nilikuambia kikae ndani ya baraza. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia."

"Sikukuficha kwa wema. Wangejua kuna binti yao uchochoroni nyuma ya chumba changu, unadhani wangeuliza habari ya kikombe? Mkono usingewatosha. Wangenichinja." Alipumua kwa shida, ubavu unamuuma. "Basi kaa kimya. Utanimalizia."

Bibi Sitara alikuwa ameacha kusuka. Amesikia yote. Nilipotoka alinishika kanga.

"Kumbe wewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Nilijua si yeye. Toka alasiri mpaka wanamvuta hakuinuka pale, na mimi sikuinuka hapa. Nimesema wiki nzima. Mwanamke mzee akisema wiki nzima, wanadhani ni mvua." Alinivuta karibu. "Ukisema peke yako utamwua, hilo ni kweli. Tukisema wawili, mimi nikiwa mbele, ni habari nyingine. Lakini baba yako atakutoa skuli."

"Najua."

"Basi usilie. Fikiri."

Jumatatu, 7 Desemba

Nimefikiri. Maneno yangu hayasikiki. Kikombe kitasema, mimi nitakielesha tu.

Jumatano, 9 Desemba

Mwinyimvua ameinuka, ana kovu. Nimemweleza. Amekata kikombe cha pili sawa na cha kwanza, vibaya vibaya, mara nne hadi kikatoka. Tumevipima ndani ya nyumba yao: vinazama pamoja.

Jumapili, 13 Desemba

Leo.

Bibi Sitara aliwaita uani kwake, panapopakana na uchochoro ule, baada ya alasiri: Maalim Suud, Baba, baba yake Mwinyimvua, wazee wawili waliotaka Fundi atoke, na kina mama. Alisema kuna neno la nyumba yake. Seifu alikuja bila kuitwa, akaegemea mlango. Fundi alikuwa chumbani, amefunga mlango.

Nilitoka na sufuria mbili. Nikaziweka chini, moja ndani ya baraza la nyuma, moja chini ya upenu ule ule. Mwinyimvua akapanda juu ya paa na debe la maji.

"Nini hii?" Baba aliuliza. "Mchezo?"

"Sadalla, kaa," Bibi Sitara alisema. "Siku ile ulishika taa, sasa shika na kimya."

Niliviachia vikombe kwa wakati mmoja. Mwinyimvua akaanza kumwaga maji kidogo kidogo, yakafuata bati, yakadondoka. Tulikaa. Ni muda mrefu kwa watu waliofunga. Hakuna aliyeondoka. Nadhani walianza kuelewa kabla ya kuambiwa, kwa kuwa walitazama kikombe cha upenuni tu.

Gluk. Kile cha barazani kilikuwa bado kinaelea, maji hayajafika nusu.

"Siku ile kilikuwa hapa," nilisema.

"Paza," alisema Maalim Suud. "Masikio yangu mazee."

Nikapaza. Sijui sauti ile ilitoka wapi. "Siku ile nilikiweka hapa mimi. Mwinyimvua aliumwa. Nilihesabu mimi na nililipua mimi. Fundi alikuwa ndani anagonga karai na hakujua kama niko nyuma."

"Na mimi nilikuwa kati ya mlango wake na dunia nzima," alisema Bibi Sitara. "Anayetaka kusema lingine kuhusu binti huyu aniambie mimi usoni."

Seifu alivuka ua kwa hatua tatu akanipiga kofi. Nilianguka juu ya sufuria. Nilisikia ladha ya chuma, na jino moja limelegea hadi sasa ninapoandika. Alinyanyua mkono tena.

"Nipige," nilisema, na sikushusha sauti. "Mkono wa Fundi uliupiga mara tatu. Bado mbili."

Mkono ulibaki juu. Aliutazama, kama mtu aliyeulizwa ni wa nani. Maalim Suud alisema, "Kijana, toka nje," naye akatoka.

Wazee hawakuomba msamaha. Mmoja alisema chumba ni cha Bibi, yeye ndiye mwenye mpangaji. Baba yake Mwinyimvua aliuficha uso kwenye kanzu. Baba alinitangulia njiani. Tulipofika aliitungua kandili, akaizima, akaiweka chini ya kitanda, akaitazama pale. Tangu leo tunatumia koroboi.

Kisha akakusanya vitabu vyangu vinne, akavitia sandukuni, akafunga. "Skuli basi," alisema. Hakupaza sauti. Daftari hili lilikuwa ndani ya mto wangu wa kulalia.

Jumanne, 15 Desemba

Idi. Hakuna mzinga uliolia mtaani kwetu.

Alhamisi, 17 Desemba

Leo nimelipa siku yangu. Asubuhi nilimwomba Mama twende wote kwa Fundi, akajifunika akaja. Fundi alikuwa barazani, makasi katika mkono wa kushoto, bati linamteleza. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nilikaa, nikalishika bati kwa mikono miwili, yeye akakata. Alikata mstari mbovu. Alinikanya mara moja, "Usitikise," nami nikaacha kutikisa. Tulifanya hivyo hadi adhuhuri, kisha hadi alasiri.

Adhana ya alasiri ilipolia nilikielesha kikombe ndani ya baraza, chini ya paa, nikaweka kokoto. Mvua ilikuja, nikatazama juu kuona kama kuna tone. Halikuwepo. Kikombe kilizama mara sita. Tende ilikuwa mkononi mwangu na sikuila. Nilitoka mvuani, nikatembea hadi msikitini, nikasimama chini ya ukuta mpaka nilipomsikia Maalim Suud kwa masikio yangu mwenyewe. Kisha nikafungua.

Baada ya hapo nilirudi, nikapita mlango hadi mlango mtaani kwetu, nikipaza sauti kila mlango, nikawaambia wanaolipa siku yao leo kwamba jua limekuchwa.